UZI: Kuku walikufa kwanza. Kwa nini mjadala wa "nani ametuletea sumu" haukwishi

1/ Kila mara habari ya mahindi au maziwa yenye sumu ikitokea, mjadala wetu hufika pale pale: nani ametuletea? Mmoja anasema ni nchi jirani. Mwingine ni watu wa magendo. Wa tatu anasema ni njama ya kuwaharibia wakulima bei. Leo turudi nyuma miaka sitini na kitu. Sitataja mwanasiasa wala chama. Ukiwataja kwenye majibu, hiyo ni shauri yako.

2/ Naanzia nyumbani. Shosho yangu alikuwa anafuga kuku Njiru, nyuma ya nyumba, thelathini na kitu hivi. Nilikuwa darasa la tano. Wiki moja wakaanza kuzubaa, hawali, wanakaa na mabawa chini. Jumatano wakafa watatu. Alhamisi sita. Kufikia Jumapili walikuwa wamebaki wanne. Hao kuku ndio walikuwa wananilipia vitabu.

3/ Shosho hakusema "ugonjwa". Alisema "nimewekewa". Jirani wa nyuma walikuwa wamegombana juu ya kuku kuingia kwa sukuma yake. Mzee wa mtaa akaitwa, watu wakakaa kikao, kila mtu akasema yake. Hakuna kilichothibitishwa. Hao majirani wawili hawakusalimiana tena mpaka yule wa nyuma akahama.

4/ Kitu ambacho hakuna aliyekitaja kwenye kikao ni gunia. Shosho alikuwa amenunua mahindi ya bei ya chini, yenye kijani kijani kwenye punje. Muuzaji alimwambia wazi: "Haya si ya watu, shosh, ni ya kuku." Sitakuambia gunia ndilo liliwaua. Hakuna kuku aliyepelekwa maabara, na gunia likaisha. Lakini shikilia hayo maneno, "si ya watu". Tutayarudia.

5/ Sasa safari kidogo ya mbali. Marekani, jimbo la Michigan, 1973. Ng'ombe wa maziwa wanaanza kukataa chakula, maziwa yanapungua, ndama wanakufa. Wakulima wakilalamika, wengine wanaambiwa ni wao hawajui kufuga. Baadaye ikajulikana: kiwanda kimoja cha kemikali kilichanganya magunia. Badala ya madini ya kuongeza kwenye chakula cha mifugo, ikapelekwa kemikali ya kuzuia moto, PBB.

6/ Mashamba zaidi ya 500 yaliwekwa karantini. Ng'ombe karibu 30,000 na kuku kama milioni 1.5 wakaangamizwa. Watu walikuwa wamekula nyama, mayai na maziwa hayo kwa miezi. Mwaka 1981 televisheni ya huko ikatoa filamu ya familia ya wafugaji inayotafuta kinachoua ng'ombe wake, "Bitter Harvest". Ukiitazama utadhani ni hadithi ya ushujaa wa mkulima mmoja.

7/ Lakini angalia mkulima halisi aliyesukuma hiyo kesi alikuwa nani. Alikuwa amesomea uhandisi wa kemikali mpaka shahada ya pili, na aliwahi kufanya kazi kwenye kampuni ya kemikali. Aliweza kulipia vipimo, kupiga simu kwa wanasayansi na kuelewa majibu yao. Na bado ilichukua miezi mingi kupata jibu. Sasa mweke shosho wa Njiru kwenye nafasi yake.

8/ Turudi kwetu. Sumu tunayozungumzia hapa zaidi ni aflatoksini, ile ya kuvu. Ilijulikana vipi? Kupitia ndege wa kufugwa. Uingereza, 1960, bata mzinga zaidi ya 100,000 walikufa na mwanzoni hakuna aliyejua sababu. Chanzo kilikuwa chakula cha karanga kutoka Brazil kilichoota kuvu. Karibu wakati huo huo, vifaranga vya bata kwa maelfu walikufa hapa Kenya, Bonde la Ufa, kwenye mashamba ya walowezi. Chanzo: chakula chenye karanga.

9/ Kwa hivyo hii si habari ya juzi. Kabla hatujapata uhuru, wanyama wetu walikuwa wameshalipa bei ya somo la kwanza. Mwaka 1977 likaja la pili: mbwa na kuku walikufa kwa wingi Nairobi, Mombasa na Eldoret, na lawama ikaenda kwa chakula kilichohifadhiwa vibaya. Nairobi hii hii. Ni wangapi wetu tumewahi kusikia?

10/ 1981, mwaka ule ule wa ile filamu. Machakos. Kati ya Machi na Juni wagonjwa 20 wanaingia hospitali tatu wakiwa na macho ya manjano, ini limeharibika. 12 wanafariki. Mahindi waliyokuwa wanakula yalipimwa: hadi 12,000 ppb, yaani sehemu 12,000 za sumu kwa kila bilioni. Kiwango cha juu kinachoruhusiwa Kenya leo ni 10. Na kabla ya watu kulazwa, njiwa na mbwa wa eneo hilo walikuwa wameonekana wakifa.

11/ Soma hiyo sentensi ya mwisho tena. Njiwa, mbwa, kisha watu. Onyo lilikuwa limelala barabarani. Halikuwa na pa kupelekwa. Hakuna dawati ambalo mwanakijiji angeenda kusema "njiwa wanakufa kwetu" na mtu akaja na mfuko wa kuchukua sampuli ya mahindi.

12/ 2004 ikawa kubwa zaidi. Makueni na Kitui ndizo zilizoumia sana. Kufikia Julai wagonjwa 317, waliokufa 125. Ni moja ya milipuko mibaya zaidi ya aflatoksini kurekodiwa duniani. Na hapa ndipo mjadala wa "nani ametuletea" unapata shida, kwa sababu mahindi mengi ya hizo familia yalikuwa yao wenyewe. Yalilimwa kwao, yakavunwa kwao.

13/ Ilikuwaje? Ukame ulidhoofisha mahindi, na kuvu hupenda mmea ulioteseka. Kisha mvua isiyo ya msimu ikaja wakati wa mavuno. Njaa ilikuwa kali na wizi wa mahindi pia, kwa hivyo watu wakavuna mapema na kuyaweka ndani ya nyumba badala ya ghalani, yakiwa bado na unyevu. Umaskini na hofu ya mwizi vilifanya kazi ambayo hakuna adui yeyote angeweza kuifanya vizuri zaidi.

14/ Haikuishia majumbani. Wachunguzi walipima bidhaa za mahindi kwenye masoko 65 ya eneo hilo. Asilimia 55 zilipita kiwango cha wakati huo, ambacho kilikuwa 20 ppb. Asilimia 7 zilipita 1,000. Ukinunua sokoni hujui, ukila ya kwako hujui. Haina harufu wala ladha ya kukuonya, na kupika hakuiondoi.

15/ Sasa ruka mpaka Novemba 2019: chapa tano za unga zinasimamishwa kwa ajili ya aflatoksini. Machi 2021: mahindi kutoka Uganda na Tanzania yanapigwa marufuku, na siku chache baadaye yanaruhusiwa kwa masharti ya cheti na kiwango kisichozidi 10 ppb. Mnakumbuka kelele za hizo siku. Mpaka, uzalendo, biashara, nani anafaidika.

16/ Nataka kuwa mkweli hapa. Kupima mzigo mpakani si kosa. Mahindi ya jirani yanaweza kuwa na sumu, kuvu haina kitambulisho. Lakini kwa sababu hiyo hiyo, yetu pia yanaweza. Mpaka ni mahali rahisi pa kufanya siasa kwa sababu pana geti na kamera. Ghala la mkulima wa Makueni, kiwanda kidogo cha chakula cha mifugo na gunia la Njiru havina kamera.

17/ Na sasa maziwa, ambayo sisi wa Eastlands tunayanywa kila asubuhi kwenye chai, ya pakiti au ya mashine. Ng'ombe akila chakula chenye aflatoksini B1, mwili wake hubadilisha sehemu yake kuwa M1, na hiyo inatoka kwenye maziwa ndani ya siku moja hivi. Kuchemsha hakuimalizi. Ng'ombe anaweza kuonekana mzima kabisa huku anatupitishia. Kwa hivyo safari hii hata njiwa hataanguka kutuonya.

18/ Utafiti mmoja uliochapishwa 2009 ulipima chakula cha mifugo na maziwa kwenye miji yetu. Kwa sampuli 412 za chakula kutoka kwa wafugaji, asilimia 86 zilikuwa na B1. Kwa sampuli 89 za maziwa yaliyosindikwa ya madukani, 88 zilikuwa na M1, na karibu theluthi moja zilipita kiwango cha Umoja wa Ulaya cha 0.05. Namba iliyonigusa ni nyingine: asilimia 67 ya wafugaji wadogo wa mjini hawakuwa wanajua kwamba maziwa yanaweza kubeba hii sumu.

19/ Usinielewe vibaya. Kuwa na M1 kidogo si sawa na kufa kesho. Kilichoua Machakos ni kiwango kikubwa kwa muda mfupi. Kidogo kidogo kwa miaka ni hatari ya aina nyingine, ya ini na saratani, na wa kwanza kufikiriwa ni watoto kwa sababu ya maziwa na uji. Hiyo haileti maiti za siku moja, kwa hivyo haileti kikao cha wanahabari.

20/ Sasa turudi kwa "si ya watu, ni ya kuku." Hayo maneno yako kila soko. Mahindi yakikataliwa kwa ugali hayatupwi, yanashuka bei na kuwa pumba, kuwa chakula cha kuku, cha ng'ombe. Kisha yanarudi mezani kama yai na maziwa. Muuzaji hakumdanganya shosho. Alimwambia ukweli wa soko letu: mnyama ndiye jaa la chakula kilichokataliwa. Ila mnyama si jaa. Ni bomba, na sisi tuko upande wa pili.

21/ Kuna hoja moja nzuri ya upande wa pili na lazima niijibu. Watu husema: ukianza kupima kila gunia, unamuua mfanyabiashara mdogo, anabaki tajiri mwenye maabara yake. Ni kweli, kama gharama yote inawekwa kwa aliye chini. Kwa mama wa kibanda, sheria bila kipimo cha bei nafuu ni askari tu wa kuja kuchukua kitu kidogo. Kwa hivyo swali la kwanza si "tupime au tusipime", ni "nani analipa".

22/ Katiba ya 2010 haiko kimya. Ibara ya 43 inatupa haki ya chakula cha kutosha chenye ubora unaokubalika. Ya 46 inampa mlaji haki ya bidhaa bora na habari za kumwezesha kunufaika nazo. Jedwali la Nne limegawa kazi: viwango na sera za kilimo ni za serikali ya kitaifa, magonjwa ya mifugo, huduma za mifugo na leseni za wauza chakula ni za kaunti. Gunia la shosho lilianguka katikati ya hizo mbili. Kila upande unaweza kuonyesha mwingine kwa kidole.

23/ Kwa hivyo mtu akija kwenu kuomba kura, au akibishana kwenye redio kuhusu mahindi ya nje, muulize haya matatu. Moja: mfugaji wa Kayole kuku wake wakifa leo, anawapeleka wapi na analipa ngapi? Mbili: mahindi yakikataliwa, yanaenda wapi, na nani anahakikisha hayarudi kama chakula cha mifugo? Tatu: vipimo vya maziwa vikifanywa, vinachapishwa wapi na lini? Akijibu kwa jina la nchi jirani, hajajibu.

24/ Historia hii inanifundisha kitu kimoja. Mahali ambapo hakuna kipimo, lawama ndiyo hufanya kazi ya kipimo. Kijijini inaitwa uchawi au jirani mbaya. Kitaifa inaitwa mgeni au magendo. Wakati mwingine aliyelaumiwa ana makosa kweli. Lakini hatujui, na kutojua kwenyewe ni uamuzi wa siasa: kuna mtu alipanga bajeti na hiyo maabara haikuwemo.

25/ Shosho bado yuko, alirudi ushago. Mwaka jana nilimuuliza kuhusu wale kuku. Nikamweleza habari ya kuvu, ya Machakos, ya njiwa. Akanyamaza kidogo, kisha akauliza: "Sasa yule mama wa nyuma alihamia wapi?" Sikuwa na jibu.

26/ Mwisho wa uzi. Kama unafuga Eastlands, au wazazi wako walikuwa Machakos 1981 au Makueni 2004, andika unachokumbuka hapa chini. Kama nimekosea mahali, nisahihishe kwa heshima. Na kabla hujasambaza, nenda jikoni uangalie mahindi yako yamekauka ama la.