Maji ya Chini ya Ndoo: Historia ya Kitu Tunachomwaga

Leo naomba tuziweke programu kando kidogo (si kando sana, mtaona) tuzungumze juu ya maji. Nimekulia hapa Dagoretti, na kama wewe ni mkazi wa Waithaka, Kabiria au Kawangware huna haja ya kuelezwa maana ya mgao wa maji. Mtungi wa lita 20 ukifika shilingi 20, unaanza kuhesabu kila tone.

Mimi nilianza kuhesabu matone kwa sababu ya ndoo. Nyuma ya nyumba ya mama nina ndoo 20 za sukuma wiki na nyanya, na ndani hamna udongo hata chembe. Kuna vijiwe vyepesi vya volkano tu, na mimea inakula mbolea iliyoyeyushwa kwenye maji. Kila ndoo hupata lita 2 kwa siku. Kama robo yake hupita kwenye vijiwe na kuchuruzika chini. Piga hesabu: lita 10 kwa siku, lita 300 kwa mwezi, yaani mitungi 15. Tena si maji matupu, ni maji yenye mbolea niliyoinunua mwenyewe!

Mama aliyatazama siku moja akauliza, "Na hayo unayamwaga kwa nini, baba?" Sikuwa na jibu. Nikaenda kulitafuta, na nikagundua kwamba swali la mama lina historia ndefu kuliko nilivyodhani.

Maji machafu yanapolisha

Tuanze mbali. Mwaka 1699 Mwingereza John Woodward alichapisha majaribio yake ya kukuza mnanaa ndani ya maji bila udongo. Alitumia maji ya mvua, ya chemchemi, ya mto Thames na ya mfereji wa Hyde Park. Mnanaa uliostawi zaidi haukuwa ule wa maji masafi. Ulikuwa ule wa maji ya mfereji aliyoyachanganya na udongo wa bustani. Woodward akaamini kwamba mmea haunywi maji tu, kuna kitu ndani yake unachokula. Miaka ya 1860 Wajerumani Julius von Sachs na Wilhelm Knop walionyesha kitu chenyewe ni nini: chumvi za naitrojeni, fosforasi, potasiamu, kalsiamu na wenzao. Mwaka 1937 William Gericke wa Chuo Kikuu cha California akatangaza jina tunalolitumia hadi leo, haidroponiki.

Sasa sikiliza jambo lililonishangaza. Nilidhani kuyarudisha maji ni ujanja mpya wa watu wa mazingira. Kumbe ndiyo njia ya zamani! Katika miaka ya 1930, huko Chuo Kikuu cha Purdue nchini Marekani, Robert Withrow na wenzake walikuwa wakipanda kwenye vitanda vya kokoto. Pampu inayajaza maji ya mbolea kutoka chini, kisha maji yanarudi yenyewe kwenye tangi, yakingoja zamu nyingine. Jeshi la Marekani likaichukua njia hiyo mwaka 1945 katika kisiwa cha Ascension, kikavu kweli kweli katikati ya bahari ya Atlantiki, ili wanajeshi wapate mboga. Mahali ambapo hata maji ya kunywa ni ya shida, nani angethubutu kuyamwaga?

Tulijifunza lini kumwaga?

Kumwaga kulikuja na starehe. Miaka ya 1960 umwagiliaji wa matone ulienea kutoka Israeli, na kuanzia 1969 Wadenmark wakaanza kuwauzia wakulima matofali ya sufu iliyosokotwa kutokana na mawe yaliyoyeyushwa. Kila mmea ukapata kimrija chake. Vimrija havitoi sawasawa, kwa hiyo mkulima anazidisha asilimia 20 au 30 ili hata mmea wa mwisho ushibe, na ziada ioshe chumvi zilizobaki kwenye mizizi. Ziada hiyo ikaachwa iende zake. Mbolea ilikuwa rahisi, na maji yaliyorudishwa yaliogopwa: mmea mmoja ukiwa na vimelea vya kuozesha mizizi, kama Pythium, tangi linawagawia wote. (Ninyi wa mitandao mtalielewa hili haraka: kompyuta moja yenye virusi, ofisi nzima inaumwa.)

Bili ilikuja baadaye. Uholanzi mbolea hiyo ilianza kuonekana kwenye mifereji na maji ya ardhini, na kuanzia miaka ya 1990 sheria zikawabana wakulima wa vivungulio (wengi twaviita grinhausi) wakusanye maji na kuyatumia tena. Shabaha yao ni kufikia karibu sufuri ya uchafuzi ifikapo 2027. Vimelea wakatafutiwa dawa: joto, mwanga wa urujuanimno, au mchujo wa polepole wa mchanga, teknolojia ile ile iliyoanza kusafisha maji ya London mwaka 1829. Mchanga tu, jamani!

Tukirudi nyumbani

Kwetu hadithi hii inaishi Naivasha, kama kilomita 90 kutoka hapa. Mashamba ya maua yaliongezeka kando ya ziwa katika miaka ya 1980 na 1990, na mengi yakahamisha waridi kutoka kwenye udongo hadi kwenye vijiwe vya volkano vya Bonde la Ufa, ndugu wa vile vilivyomo ndooni mwangu. Ziwa lenyewe liliingizwa mwaka 1995 kwenye orodha ya Ramsar ya maeneo oevu ya kimataifa. Februari 2010, baada ya ukame mrefu na mvua ya ghafla, samaki wengi walikufa. Wengi waliyanyooshea mashamba kidole, ingawa uchunguzi ulielekeza zaidi kwenye kupungua kwa oksijeni majini. Hata hivyo swali la nani anamwaga nini ziwani halikuweza tena kufunikwa, na mashamba yanayokusanya maji ya vitandani yakawa na sababu mbili za kufanya hivyo: pesa na jina.

Nasi Dagoretti tusijione tuko mbali. Mto Motoine unaanzia upande wetu, unapita Kibera na kuingia Bwawa la Nairobi, lililojengwa mwaka 1953. Zamani watu walikwenda pale kuendesha mashua. Baadaye gugumaji lililishwa likashiba, na shibe yake ilikuwa naitrojeni na fosforasi kutoka kwenye maji taka. Lita zangu 10 ni tone tu, lakini zina chakula kile kile, na zinateremka mlima ule ule.

Mdudu kwenye programu yangu

Basi nikajenga mzunguko: beseni chini ya ndoo, tangi la lita 100, pampu ndogo, Arduino, na kipima chumvi kinachosoma jinsi maji yanavyopitisha umeme. Kipimo kikishuka, programu inaongeza mbolea. Wiki tano mambo yalikuwa safi. Wiki ya sita majani yakaungua pembeni, na kipimo bado kinaniambia kila kitu kiko sawa!

Kosa lilikuwa langu. Maji yangu yalikuwa ya kisima, na maji mengi ya ardhini Nairobi yana sodiamu. Mimea haiitaki. Fikiria tangi la lita 100 lenye kipande kimoja cha sodiamu kwa lita. Mimea inakunywa lita 20 kwa siku na kuiacha sodiamu, nami naongeza lita 20 nyingine za kisima. Siku ya 5 sodiamu imekuwa mara mbili, siku ya 20 mara tano. Ni memori inayovuja: kila mzunguko unaacha kitu kisichofutwa. Na kipima umeme kinasoma jumla ya chumvi, hakijui ni chumvi ipi. Sodiamu ilikuwa imekalia kiti cha chakula, nami nikasoma "sawa".

Siku hizi nakinga maji ya mvua kwenye bati na kuyachanganya nusu kwa nusu na ya kisima. Maji ya mzunguko nayachuja kwa mchanga, na kila baada ya wiki mbili naanza upya. Ya zamani hayaendi mtaroni. Yanaenda kwenye migomba ya mama, kidogo kidogo, leo huku kesho kule.

Kwa hiyo mama, jibu lako ni hili. Niliyamwaga kwa sababu nilijifunza kutoka vitabu vilivyoandikwa kwa watu waliokuwa na maji mengi na mbolea rahisi. Sisi si watu hao. Lakini anayeyarudisha bila kujua yamebeba nini naye ataunguza mboga, kama nilivyounguza mimi.

Wenye ndoo, niambieni maji yenu yanatoka wapi. Tuonane tena, inshallah.