Gunzi, ngozi na mini: stori ya midoli yangu miwili

Najua nimepotea, msinilaumu. Ilikuwa test juu ya test, na juzi tu ndio tumemaliza kazi ya kikundi ya somo la zana za kufundishia. Mimi mzima, chumba kile kile, kitanda cha juu kile kile. Leo sina stori za bumu wala foleni ya kantini. Leo nataka kuongelea midoli. Ndiyo, midoli. Chekeni kwanza, mkimaliza tuendelee.

Tuliambiwa kila mtu atengeneze zana ya kufundishia Historia ya Tanzania, hili somo lililoanza kusukumwa mashuleni kuanzia 2021 na baadaye likaongezewa "na Maadili". Wenzetu kama kawaida, manila na maka pen, ramani ya misafara ya watumwa, basi. Mimi na mwenzangu wa chumbani tukajidai wabunifu. Mimi ni Mmbulu wa Mbulu kabisa, kule kwenye baridi. Yeye ni Mbarbaig wa Hanang, chini ya mlima. (Mnaopenda kuwaita Mang'ati, jueni hilo ni neno la Kimasai lenye maana ya adui, na huyu dada huwa analisikia hivyo hivyo.) Tukasema tutatengeneza midoli iliyovaa mavazi ya zamani, mwanafunzi ashike kwa mkono badala ya kuangalia picha ukutani.

Sasa, historia ya midoli kwetu inaanzia shambani. Mdoli wangu wa kwanza alikuwa hindi. Siyo gunzi kavu, hapana, lile hindi changa ambalo ndevu zake bado laini, unazisuka kama nywele za mtu. Unachuma kimya kimya, unamfunga kipande cha kanga kiunoni, unambeba mgongoni. Fimbo yake mnaijua, maana kila mdoli ni hindi ambalo halitaliwa. Mahindi yakishavunwa ndio tunahamia kwenye magunzi, mdoli mwenye upara sasa, tunambandikia nyuzi za katani. Wavulana wao walikuwa na ng'ombe wa udongo. Najua hii si ya kwetu tu. Wazaramo wa pwani wana mwana hiti, kile kisanamu cha mti kisicho na mikono, nywele zimechongwa vishungi viwili, ambacho mwali alikuwa anakaa nacho ndani na kukitunza kama mtoto. Ila mwana hiti hakuwa kitu cha kuchezea, na hilo nitalirudia, maana ndilo lililotugombanisha.

Likizo nikamwendea Aama, bibi yangu mzaa baba. Shikamoo, marahaba, chai, halafu nikamuuliza: "Aama, nyie midoli yenu mliivalisha nini?"

Akasema ngozi.

Nikafikiri amenisikia vibaya. Akarudia. Vipande vya ngozi. Mama yake alikuwa na ile sketi ya zamani ya ngozi ya mbuzi, aliyorithi kwa mama yake, imedariziwa shanga mstari kwa mstari. Sketi hizi wengi hatujawahi kuziona kwa macho. Mabinti wa Kiiraqw walizitia shanga wakiwa wamewekwa ndani kwenye unyago wa marmo, ambao ulikomeshwa enzi za Waingereza. Leo ukitaka kuziona uende makumbusho za Ulaya na Marekani, au kwa wauza sanaa huko huko. Mimi niliiona ya kwanza kwenye simu, picha ya makumbusho, nimelala kitandani hapa hosteli. Ilikuwa nzuri mpaka nikaona aibu kidogo, sijui kwa nini.

Na zile shanga zina safari yake. Watu hudhani shanga ni kitu cha asili kwetu, kumbe nyingi ni vioo kutoka Venisi, zimeshushwa Zanzibar, zikabebwa vichwani na wapagazi mpaka bara, zikawa ndio hela yenyewe. Richard Burton aliyepita njia ya kati 1857 mpaka 1859 anasema aina za shanga zilifika kama 400, na kila sehemu walikuwa na rangi yao wanayoitaka. Ukibeba rangi ambayo haina soko, umekwisha, hununui hata unga. Nyekundu ziliitwa samesame. Kwa hiyo bibi yake bibi yangu, huko juu milimani, alikuwa na fasheni yake, anachagua, anakataa. Hilo nalipenda sana.

Turudi kwa Aama. Alikuwa binti wakati serikali ilipoanza kampeni ya kuwavalisha watu nguo. Mnaosoma historia mnaijua, Operation Dress-Up, 1967 kwenda 1968, mkoa wa Arusha. (Mbulu ilikuwa Arusha. Hanang yenyewe ilimegwa kutoka Mbulu 1969, na mkoa wa Manyara umekuja 2002 tu.) Waliolengwa hasa ni Wamasai, waache ngozi na mashuka na mafuta mekundu, wavae suruali na magauni. Ila Aama anasema kwao nako maneno yalifika, kwa mwalimu, kwa viongozi, kanisani, kwamba ngozi ni ushamba na taifa linasonga mbele. Mama yake akaikunja ile sketi akaiweka juu ya dari, kwenye moshi. Hakuitupa wala hakuivaa tena. Panya wakaanza pembeni. Na pale panya walipokula, watoto wakapata vipande.

"Sisi wakubwa tulivaa kaniki," Aama akaniambia, "magunzi ndiyo yaliendelea kuvaa ngozi."

Jamani. Nilinyamaza kabisa. Kwa hiyo kuna miaka kadhaa kwenye boma letu ambapo vazi la mabibi lilikuwa linavaliwa na magunzi peke yake. Sketi yenyewe iliishaje? Aama anasema alikuja mtu na gari, mwaka haukumbuki, akaomba kuinunua, baba yake akauza. Bei hataki kuitaja. Nilipouliza mara ya pili akasimama kwenda kuangalia kuku.

Nikarudi chuo na hiyo stori, na hapa ndipo nilipopata wazo la mdoli wa pili. Maana ukisoma miaka hiyo hiyo, unakuta kichekesho. Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU wakatangaza Operation Vijana: kuanzia tarehe 1 Januari 1969, marufuku mini, mawigi, suruali za kubana na dawa za kujichubua. Kabla hata tarehe haijafika, vijana Dar walishaanza kuvamia mabinti kwenye vituo vya basi Kariakoo. Sasa hebu weka hizi mbili pamoja. Arusha mwanamke anaambiwa vua hiyo ngozi, unaonekana mwili, ni ya kizamani mno. Dar mwanamke anaambiwa vua hiyo mini, unaonekana mwili, ni ya kizungu mno. Serikali ile ile, karibu mwaka ule ule. Mmoja amebaki nyuma, mwingine amepitiliza mbele, na wote wawili wanafuatwa na mtu mwenye amri mkononi. Mimi namheshimu Mwalimu sana, nisieleweke vibaya, na ninajua watu walikuwa wanajenga nchi yenye miaka saba tu. Ila hapo naona waliokuwa wanajengwa zaidi ni wanawake, na hakuna aliyewauliza.

Basi, midoli miwili. Wa kwanza ngozi, wa pili mini ya 1969 na afro.

Utengenezaji sasa, maana najua kuna watu humu wanapenda mikono. Mwili wa wa ngozi niliufanya kwa waya na matambara, kichwa cha kitambaa cheusi cha pamba. Ngozi ilitutesa. Tulipata kipande cha ngozi ya mbuzi mnadani, tukakwangua manyoya, tukapaka mafuta, tukaifikicha siku tatu mpaka chumba kizima kikanuka na jirani akagonga mlango. Ikalainika, lakini kwa mdoli wa sentimita 30 ilikuwa imesimama kama bati! Ngozi ya mtu mzima haipungui unene kwa sababu umemshonea mdogo. Mwisho tukakata mkoba wa mitumba wa kike, ngozi nyembamba kabisa, tukaupaka mafuta na udongo mwekundu. Shanga hivyo hivyo. Shanga ndogo ya kawaida ukiiweka kwenye sketi ya mdoli inaonekana kama chungwa. Tukatafuta zile ndogo kuliko zote, na mistari ya chini kabisa tukaigiza kwa mafundo ya uzi. Vikuku ni waya wa shaba uliotoka kwenye koili ya redio mbovu.

Yule wa mini nilimtoa mnadani pia, mdoli wa mitumba, plastiki, mzungu, jicho moja. Nikafuta sura ya kiwandani kwa dawa ya kuondolea rangi ya kucha, na wapendwa, msifanye hivyo kwenye plastiki ngumu, shavu lilianza kuyeyuka. Nikapaka rangi ya kahawia mara nne, kila mara ikikauka inatoka kijivu. Afro ni uzi wa kufumia, unaufumua, unauchana kwa kitana mpaka unavimba. Viatu vya raizoni nilikata kwenye kandambili. Akatoka mzuri kuliko mimi.

Wakati napaka ile rangi nikakumbuka lekcha ya saikolojia. Kenneth na Mamie Clark, Marekani, miaka ya 1940, waliwapa watoto weusi wadogo midoli inayofanana kila kitu isipokuwa rangi, wakawauliza upi mzuri, upi mbaya, upi unafanana na wewe. Wengi walichagua mweupe kuwa ndiye mzuri. Utafiti huo ulitajwa kwenye kesi ya Brown ya 1954 iliyoharamisha kutenganisha shule kwa rangi. Barbie mwenyewe alitoka 1959, na mweusi aliyeitwa Barbie kwa jina hilo hilo alisubiri mpaka 1980. Pale lekcha niliandika noti tu nikasonga. Ila mimi nilikuwa mtoto yule. Siku baba aliponiletea mdoli wa kwanza wa dukani, mweupe wa nywele za njano, yale magunzi niliyatupa jikoni yakachemsha chai. Hakuna aliyenifundisha kufanya hivyo.

Haya, ugomvi. Mpango ulikuwa mdoli wa ngozi awe na mavazi mawili ya kubadilisha, ya Kiiraqw na ya Kibarbaig. Mwenzangu alikubali vikuku, akakubali alama za kuzunguka macho tukaziweka kwa nukta za rangi. Tulipofika kwenye hanang'wend, sketi ya nyuzi za ngozi ya mwanamke aliyeolewa, akaweka mkasi chini. Akasema hii hapana.

Nikambishia. Nikamwambia ni somo, ni heshima, tunaitunza. Akanijibu kwamba kwao ile siyo nguo kama nguo, ni ya imani, ndiyo inayomfanya mama awe mama mbele ya watu, na mtoto hawezi kuivua na kuivalisha apendavyo darasani. Nikaenda maktaba nikiwa na hasira nitafute hoja ya kumshinda. Nikamkuta George Klima, aliyeishi na Wabarbaig miaka ya 1950 na kutoa kitabu 1970, na yeye anasema lile ni vazi takatifu. Anaeleza pia baraza la wanawake, ambapo mwanaume akimkosea mwanamke, wanawake wenyewe wanakaa, wanahukumu, wanamtoza ng'ombe. Hebu fikiria hao ndio walioambiwa wako nyuma. Na baada ya hapo yakaja mashamba ya ngano ya NAFCO kwa msaada wa Kanada, eka kama 100,000 za malisho bora ya Hanang zikaondoka, wanakijiji wa Mulbadaw wakashinda Mahakama Kuu 1984, wakashindwa Rufani 1985. Ukichukua malisho umechukua ng'ombe, na ukichukua ng'ombe umechukua ngozi. Niliporudi chumbani sikuwa na hoja tena.

Hatukuitengeneza. Kwenye kadi ya maelezo tukaandika: "Vazi la tatu halipo hapa kwa sababu wenyewe hawalifanyi kitu cha kuchezea." Mhadhiri alitukata alama, akasema zana haijakamilika. Mwenzangu alicheka. Mimi sikucheka sana, GPA yangu mnaijua.

Midoli ipo dirishani sasa, mmoja ngozi mmoja mini, wameegemeana. Mwezi wa saba naenda nao BTP. Yule wa ngozi ataanza kwanza kupita nyumbani, Aama amesema anamtaka kwa siku mbili. Sijamuuliza wa nini. Ila amesema nisisahau kuleta na gunzi, na ndevu zake.