Mumias: mnyororo wa sukari ulikatikia wapi?

Leo naweka programu kando, nazungumzia miwa. Vumilieni kidogo, mtaona uhusiano.

Chuoni tulifundishwa kwamba mfumo mkubwa ni mifumo midogo mingi inayopeana taarifa. Mmoja ukikosa kujibu, mingine yote inakaa inasubiri. Sisi wa Kakamega tungeweza kujifunza somo hilo bila kitabu, kwa kuutazama Mumias.

Mwishoni mwa miaka ya 1960 serikali iliitaka kampuni ya Uingereza, Booker McConnell, ichunguze kama kiwanda cha sukari kingefaa huko. Kampuni ya Sukari ya Mumias ikaandikishwa 1971, na 1973 kiwanda kikaanza kusaga. Kampuni ilikuwa na shamba lake kuu, lakini halikutosha kulisha mitambo ile. Miwa mingi ilibidi itoke kwa wakulima wadogo.

Hapo ndipo kazi ilipokuwa. Mkulima hana trekta, na miwa huchukua kama miezi 18 hadi 24 kukomaa. Nani atagharamia kusubiri huko? Jibu likawa mkataba: kampuni inalima, inaleta mbegu na mbolea, inapanga uvunaji na usafirishaji, kisha inakata gharama zake kwenye malipo ya mavuno. Mwaka 1975 wakulima wakapata kampuni yao, MOCO, ya kuwasimamia. Ongeza wenye matrekta ya kubeba miwa upande mmoja na wasambazaji wa sukari upande wa pili, mnyororo umekamilika.

Sasa angalia vizuri. Katika mnyororo huu kuna safari mbili. Miwa inakwenda kiwandani, tena kwa haraka, maana ukishakatwa huanza kupoteza sukari. Pesa na taarifa zinarudi kwa mkulima: tani ngapi zimepimwa kwenye mizani, makato ni kiasi gani, kimebaki nini. Watu wengi huona safari ya kwanza tu kwa sababu ina matrekta na kelele.

Kwa miaka mingi mambo yalikwenda. Mumias ikawa kiwanda kikubwa kuliko vyote vya sukari nchini. Mwaka 2001 iliingia Soko la Hisa la Nairobi. Baadaye ikazalisha umeme kwa makapi ya miwa, na 2012 ikaanza kutengeneza ethanoli.

Lakini malipo ya wakulima yalianza kuchelewa. Mkulima akapiga hesabu: karo ya watoto haingoji, na viwanda vingine vimeshasimama karibu, vinanunua miwa. Akauza huko. Kiwanda kilichogharamia shamba kikakosa miwa. Bila miwa hakuna sukari, bila sukari hakuna pesa, bila pesa malipo yanachelewa zaidi. Sisi waandishi wa programu tunakijua kitanzi kama hicho: hakina mlango wa kutokea mpaka mtu azime mashine.

Na ilizimwa. Madeni, usimamizi mbaya na sukari ya bei nafuu kutoka nje vilichangia pia, na Septemba 2019 benki ya KCB ikaiweka kampuni chini ya msimamizi wake. Desemba 2021 kiwanda kikakodishwa kwa Sarrai Group ya Uganda.

Wengine humlaumu mkulima kwa kuuza miwa yenye deni. Mimi naona alikuwa ametumiwa ujumbe usiojibiwa, akatafuta anayejibu. Alikuwa ametoa shamba na karibu miaka miwili ya maisha yake.

Kwa hiyo ukipewa kazi ya kutengeneza programu ya kufuatilia mizigo kati ya kampuni na kampuni, usianze na ramani ya malori. Anza kwa kuuliza: yule aliye mwisho kabisa wa mnyororo atalipwa lini, na atajuaje? Swali hilo likikosa jibu, mengine yote ni mapambo.

Haya, tuonane wiki ijayo. Nitarudi kwenye programu, naahidi.