Bao Huchezwa Kichwani Kwanza

Wasafiri Waingereza Richard Burton na John Speke walifika Ujiji, kwenye Ziwa Tanganyika, Februari 1858 wakiwa hoi. Burton alikuwa amebebwa sehemu kubwa ya njia kwa sababu miguu yake haikuwa na nguvu. Speke aliumwa macho hata Ziwa Tanganyika, alilolifuata kwa miezi mingi, likawa mbele yake kama ukungu tu. Walikaa kando ya ziwa hadi Mei. Kitabu alichokitoa Burton mwaka 1860 kina dharau nyingi kwa wenyeji, lakini mwandishi wake alikuwa na jicho la kuokota mambo madogo ya maisha ya kila siku. Miongoni mwa michezo ya watu wa bara aliyoitaja, bao limo.

Ujiji ya wakati huo ilikuwa mji wa kusubiri. Wafanyabiashara Waarabu na Waswahili walikuwa wamefika ziwani tangu miaka ya 1840, wakifuata pembe za ndovu na, kwa aibu ya historia, watumwa. Msafara ukifika kutoka Tabora ulisubiri mitumbwi, mitumbwi ilisubiri upepo, na tajiri alisubiri habari za mali yake kutoka Manyema, ng'ambo ya ziwa. Mmisionari Livingstone naye alikuwa anasubiri, dawa na bidhaa zake zikiwa zimeibwa, mwandishi wa habari Stanley alipomkuta hapo mwaka 1871. Mji wa namna hiyo haukosi baraza, na baraza la Waswahili halikosi bao.

Lakini bao la pwani halikuingia mahali patupu. Maziwa Makuu yana ukoo wake wa michezo ya safu nne: Warundi wana ikibuguzo, Wanyarwanda igisoro, Waganda omweso, na upande wa Kongo Waluba wana kisolo. Ujiji ilipokea watu kutoka pande hizo zote, hasa Wamanyema waliovuka ziwa na kuufanya mji kuwa wao. Ni vigumu kuamini kwamba mtu aliyekua akicheza kisolo alihitaji muda mrefu kulielewa bao la Mswahili. Alichopaswa kujifunza ni ugumu wake, maana katika ukoo huo bao la Kiswahili ndilo lenye masharti mengi zaidi.

Reli ya kati ilifika Kigoma mwanzoni mwa 1914, bandari ikahamia huko, na Ujiji ikaachwa na kumbukumbu zake na miembe yake. Leo pande hizo mbili ni manispaa moja, na Katubuka ni mojawapo ya kata zake. Watu wa nje huisikia Katubuka zaidi katika habari za mvua, maji yanapojaa bondeni na kuingia majumbani. Kwa gofu haijulikani kabisa. Viwanja vya gofu vya Tanzania viko Dar es Salaam, Arusha, Moshi, Morogoro, Mufindi na kwingineko, vingi vikiwa vimeanzia kwenye klabu za wakoloni au mashamba makubwa.

Gofu inaingiaje hapa? Inaingia kwa sababu ya kitu kimoja ambacho wacheza gofu wamekifanya kuwa somo, nacho ni kuliona pigo kichwani kabla ya kulipiga. Jack Nicklaus, Mmarekani aliyetwaa mataji makubwa 18, alieleza katika kitabu chake cha mwaka 1974 kwamba hapigi mpira, hata mazoezini, bila kuwa na picha yake kamili. Huanza na mwisho: anauona mpira umeshatua pale anapotaka. Halafu anaiona njia utakayopita hewani. Mwisho kabisa anajiona mwenyewe akipiga. Wanasaikolojia nao wamepima mambo hayo. Mwaka 1985 Robert Woolfolk na wenzake waliwapa watu kazi ya kusukuma mpira shimoni. Waliofikiria mpira ukiingia walifanya vizuri zaidi, na waliofikiria mpira ukikosa shimo walivurunda.

Mcheza bao anayajua haya bila mwalimu, kwa sababu mchezo wenyewe haumruhusu kucheza vinginevyo.

Bao lina mashimo 32 na kete 64, mara nyingi komwe. Katika bao la Kiswahili kila mchezaji huanza na kete 10 ubaoni, sita kati ya hizo zikiwa kwenye shimo maalumu liitwalo nyumba, na 22 mkononi. Awamu ya kwanza ni namua: unaingiza kete moja kila zamu, na ikiangukia penye kete, mkabala na shimo la mpinzani lenye kete, unakula. Ulichokula hakitoki mchezoni. Unakirudisha ubaoni upande wako, ukianzia kichwa, yaani shimo la mwisho la safu ya mbele, kete moja moja. Kete ya mwisho ikiangukia tena penye kula, unakula tena. Ikiangukia kwenye kete pasipo cha kula, unazichota zote na kuendelea. Ikiangukia shimo tupu, umelala.

Sasa fikiria kazi ya kichwa hapo. Mpira wa gofu una njia moja. Zamu moja ya bao inaweza kula mara tatu, ikazunguka mara mbili, ikapita juu ya nyumba na kulala kwenye kona ya nyuma, na kila kete inayodondoka imebadilisha hesabu ya shimo litakalofikiwa baadaye. Anayetaka kujua kama ataanza kushoto au kulia lazima auone ubao ambao bado haupo. Kisha auone ubao huo kwa macho ya mpinzani: je, nimemwachia nini? Yumkini bingwa, kama Nicklaus, huanzia mwisho. Anatafuta mahali anapotaka kulala, ndipo anarudi nyuma kutafuta kete itakayomfikisha.

Mholanzi Alexander de Voogt aliichunguza akili hiyo kwa mabingwa wa Zanzibar na kuiandikia tasnifu katika Chuo Kikuu cha Leiden mwaka 1995. Alichunguza jinsi wanavyokumbuka na mipaka ya kuhesabu kwao. Kazi ya namna hiyo ilikuwa imeshafanywa kwa wacheza sataranji tangu Adriaan de Groot, Mholanzi mwingine, katika miaka ya 1940. Bao lilichelewa nusu karne kupata heshima hiyo, wala si kwa sababu ni jepesi.

Kuna jambo moja ambalo mcheza gofu angelishangaa. Kiwanjani kwake, mtu akisimama kupiga, watazamaji hunyamaza na kukohoa ni utovu wa adabu. Kwenye bao ni kinyume. Watazamaji wanaegemea, wanacheka, wanamwita mchezaji mzee hata kama ana miaka 25, wanatabiri kwamba nyumba inaliwa sasa hivi. Mpinzani naye hanyamazi. Kejeli ni silaha halali, na lengo lake ni kuifuta ile picha iliyo kichwani mwa mwenzake kabla haijakamilika. Mtu anayeweza kuhesabu mizunguko minne huku anaitwa mvivu na shemeji yake ana utulivu ambao hakuna mtaalamu wa saikolojia aliyemfundisha. Ndiyo maana kufungwa mkononi, yaani kushindwa kabla kete za namua hazijaisha, kunauma: kumetokea mbele za watu wanaokujua.

Bao halijapotea. Mwalimu Nyerere alilipenda, na katika michezo ya watumishi wa serikali ya SHIMIWI lina mashindano yake ya wanaume na ya wanawake, jambo ambalo mabaraza ya zamani ya wanaume watupu yasingelikubali kirahisi. Kinachokosekana ni maandishi. Wacheza sataranji wanaweza kurudia leo mchezo uliochezwa London mwaka 1851, hatua kwa hatua, kwa sababu kila hatua iliandikwa. Michezo iliyochezwa Ujiji tangu siku za misafara ilifutwa ubaoni mara tu kete zilipopangwa upya, hata ile iliyoamuliwa kwa zamu moja ambayo mtaa mzima uliisimulia kwa mwezi.

Hilo linatibika kwa gharama ndogo. Kijana wa Katubuka, Gungu au Mwanga mwenye babu anayeogopwa kwenye bao ana simu mfukoni. Arekodi mchezo mzima, kisha amwombe mzee aeleze zamu moja tu: aliona nini kabla hajaigusa kete.