Eropleni ya Milia na Kielelezo Chake

Kuunda vielelezo vya eropleni huonekana kwa wengi kuwa mchezo wa watoto; lakini aifanyaye kazi hiyo kwa kipimo kikubwa hugeuka, apende asipende, kuwa mwanahistoria. Sandukuni hukuta vipande vilivyokwisha kukatwa, karatasi ya maelezo na picha ya kuiga. Vipande hivyo humpa umbo la jamii nzima ya eropleni. Havimpi eropleni fulani, iliyoruka mwaka fulani, juu ya nchi fulani. Hiyo hana budi kuitafuta mwenyewe.

Kwa msomaji wa Bariadi, na wa wilaya nyingine za Mkoa wa Simiyu ulioundwa mwaka 2012, ipo eropleni moja imhusuyo kuliko nyingine zote. Ni Dornier Do 27 ya Bernhard Grzimek, mkuu wa bustani ya wanyama ya Frankfurt, na mwanawe Michael. Baba na mwana waliirusha kutoka Ujerumani mwishoni mwa 1957, wakakaa Banagi, na Januari 1958 wakaanza kuwahesabu wanyama wa Serengeti, mbuga ambayo kwa upande wa magharibi na kusini hupakana na nchi ya Wasukuma. Filamu yao ilitolewa mwaka 1959, na mwaka uliofuata ikapata tuzo ya Oscar. Tangu hapo, ile eropleni iliyopakwa milia ya punda milia imeundwa na mafundi wa vielelezo mara nyingi mno, aghalabu kwa mapenzi kuliko kwa uangalifu.

Tuanze na umbo. Do 27 iliruka kwa mara ya kwanza mwaka 1955, ikawa eropleni ya kwanza kuundwa kwa wingi katika Ujerumani baada ya Vita Kuu ya Pili. Urefu wa mabawa yake, ncha hadi ncha, ni mita 12, na kiwiliwili mita 9.6, hivyo kielelezo cha moja kwa tano kitakuwa na mabawa ya mita 2.4, upana usiopita mlango wa nyumba. Bawa lake hukaa juu ya chumba cha rubani, wala halina mhimili wa kulitegemeza kutoka chini. Jambo hili lataka kukaziwa, maana Cessna zituazo Seronera zina mhimili huo, na mkono uliozoea kuziona waweza kuuongeza pasipo kufikiri. Mbele ya bawa upo mwanya usiofungwa, uliopita urefu wake wote. Nyuma zipo kope kubwa za kushushwa. Kwa vitu hivyo viwili eropleni iliweza kwenda polepole sana bila kuanguka, na kuondoka ardhini kwa mbio zisizofika mita 200. Fundi azibaye mwanya ule kwa rangi amefuta sababu yenyewe ya eropleni hii kuchaguliwa.

Ubavuni iliandikwa D-ENTE. Herufi ya kwanza ni alama ya Ujerumani. Nne zifuatazo zikisomwa pamoja ni neno la Kijerumani lenye maana ya bata. Bata aliyevaa ngozi ya punda! Baadaye Do 27 nyingine zilipakwa milia kwa ukumbusho, na hapo ndipo mafundi wengi hupotea: huiga picha safi ya eropleni ya ukumbusho wakidhani ni ile ya 1958.

Kisha kuna vumbi. Nyanda za majani mafupi za mashariki zina udongo wa majivu ya volkano, mwepesi, wa kijivu. Magharibi, kuelekea Bariadi, mambo ni mengine. Wasukuma huita mbuga ile ardhi nyeusi ya mfinyanzi ipendwayo na pamba. Wakati wa masika hushika gurudumu kama gundi, na wakati wa kiangazi hupasuka nyufa. Anayepaka magurudumu ya kielelezo chake udongo mwekundu, kwa kuwa amesikia kuwa Afrika ni nyekundu, anaichora nchi asiyoijua.

Lakini maelezo yaliyo mazito hayaonekani kwa nje. Tarehe 10 Januari 1959 Michael, kijana wa miaka 24, alikuwa akiruka peke yake. Tumbusi aligonga bawa la kulia. Bati likabonyea, na nyaya za usukani zipitazo humo zikakwama. Eropleni ilianguka, naye akafa. Amezikwa ukingoni mwa Ngorongoro, na tangu 1987 majivu ya baba yake yapo kando yake. Fundi mwangalifu atazipitisha nyaya zile ndani ya bawa, ingawa hakuna atakayeziona.

Vipi basi kuhusu kilichoonekana kutoka dirishani? Grzimek aliandika wanyama 366,980, na katika hao nyumbu 99,481. Tarakimu zimefika hadi mmoja wa mwisho, lakini hesabu ya mwaka 1961 ilipata nyumbu zaidi ya mara mbili. Nyumbu hazai upesi kiasi hicho. Yatupasa kukiri kwamba wengi hawakuhesabiwa. Ukamilifu wa tarakimu si ukweli wake, kama vile milia iliyopakwa kwa unadhifu isivyothibitisha kuwa ipo mahali pake. Hata hivyo, jambo kubwa waliliona sawasawa: makundi ya wanyama hayakufuata mipaka iliyokuwa ikipangwa na serikali ya Tanganyika, mipaka iliyoitenga Ngorongoro na Serengeti mwaka 1959.

Mwaka 1962 Pori la Akiba la Maswa likaanzishwa upande wa kusini-magharibi, katika eneo ambalo leo ni la Simiyu. Mipaka yake imerekebishwa zaidi ya mara moja tangu hapo, kwa kuwa ng'ombe na majembe yalikuwa yakiikaribia. Katika hesabu ile ya 1958 wafugaji hao hawamo. Waliorusha eropleni walikuja kuhesabu wanyama, na dirisha la Do 27, pana na zuri kama lilivyo, liliwaonyesha walichokuja kukitafuta.