Damu ya Mzee

Ndugu msikilizaji, wiki hii nina neno kuhusu rangi. Ile rangi nzito, kati ya nyekundu na kahawia, ambayo mafundi cherehani wetu huiita damu ya mzee. Kampuni ya Pantone ya Marekani ilitangaza rangi ya aina hiyo kuwa rangi ya mwaka 2015, ikaipa jina la Marsala, mvinyo wa Sisilia, Italia. Magauni, mapazia na makochi yakafuata.

Mimi nikacheka. Nimekulia Lizaboni, hapa Songea, na rangi hiyo nimeikanyaga tangu utotoni. Udongo wetu una chuma. Ukifyatua tofali na kulichoma tanurini, wekundu unakolea.

Wazee wetu walijenga kwa miti na udongo. Mwaka 1898 wakaja Wabenediktini, wakaanzisha misheni Peramiho. Mwaka 1905, katika Vita vya Majimaji, misheni hiyo ikachomwa. Februari 27, 1906 Wajerumani wakawanyonga viongozi wa Wangoni. Kaburi lao la pamoja lipo penye Makumbusho ya Majimaji. Baada ya vita Peramiho ikajengwa upya kwa matofali ya kuchoma, na ujuzi wa uashi ukaenea hata kwetu. Ndiyo maana ukuta mwekundu wa Songea hauwi pambo tu machoni pangu. Ndani yake mna moto, mna msiba, na mna jasho la waliojenga tena.

Nakiri kosa langu. Nilipoanza kupata mshahara niliipiga lipu nyumba ya mama, nikaipaka rangi nyeupe ili ifanane na za wakubwa. Mama akatazama, akasema, "Mwanangu, umeificha nyumba yangu." Kiangazi hakikwisha kabla vumbi la barabara halijaurudishia ukuta wekundu wake.

Sisemi tuchome matofali bila hesabu. Tanuri hula kuni nyingi, na miombo yetu inakwisha. Matofali ya kufungamana, yasiyochomwa, yapo. Ila mwenye ukuta wa tofali asiuonee haya. Auache wazi, auwekee pazia jeupe na mkeka wa ukindu, utapendeza.

Wageni wamelipa rangi hiyo jina la mvinyo. Sisi tunaijua kwa jina la damu, na tunajua ni ya nani.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.