Stensili, Kiolezo na Kalamu ya Kupulizia

Kontena linalotoka bandari ya Mombasa na kupita Changamwe hubeba maandishi yenye mpangilio uleule: herufi nne, tarakimu sita, kisha tarakimu moja ya kuhakiki. Kanuni ya kimataifa ISO 6346 inataka herufi hizo zisipungue milimita 100 kwa kimo. Kontena likipakwa rangi upya, alama zake hubandikwa zikiwa zimeshachapwa, au hupulizwa kupitia bamba jembamba lililotobolewa kwa umbo la herufi. Bamba hilo ndilo stensili.

Neno lenyewe lina umri. Walimu wa enzi ya taipureta walikata stensili kwenye karatasi ya nta, wino ukapenya palipokatwa na mtihani wa darasa zima ukatoka. Kazi haijabadilika: rangi hupita penye tundu, huzuiwa pasipo tundu. Wapo wanaopenda kuiita kiolezo, lakini kiolezo ni cha kufuatishwa. Fundi cherehani hukilaza juu ya kitambaa, akakata kwa kuzunguka ukingo wake wa nje. Stensili hujazwa ndani. Na kigezo, neno jingine linalotajwa, siku hizi limeshachukuliwa na maana ya sharti la kupimia.

Ugumu wa stensili uko kwenye herufi kama O, A na R. Kipande cha katikati hakina pa kushika, kwa hiyo mkataji huacha vijidaraja vya kukiunganisha na bamba, kama vivuko vya Makupa na Nyali vinavyokiunganisha kisiwa cha Mombasa na bara. Ile mipasuko midogo katika herufi za kontena au kreti ni alama ya vijidaraja hivyo.

Kifaa cha kupulizia nacho kinahitaji jina. Gereji za Likoni na Kisauni zina bunduki ya rangi ya kupaka bodi nzima ya matatu. Ule mstari wa manjano uliolazimishwa mwaka 2004 kwa kanuni za waziri wa uchukuzi wa Kenya, John Michuki, huhitaji tepu mbili tu za kuzuia kingo. Kifaa cha kazi ndogo ni kingine. Charles Burdick aliunda umbo lake la kisasa Marekani katika miaka ya 1890, na wengi wamelitafsiri jina lake la Kiingereza, airbrush, kuwa “brashi ya hewa”, ingawa hakina unywele hata mmoja. Hushikwa kama kalamu: kidole kikibonyeza, hewa hutoka, kikivuta nyuma, sindano hufungua njia ya rangi. “Kalamu ya kupulizia” inamweleza msikilizaji kifaa kilivyo na kinavyofanya kazi.

Kalamu hiyo ndiyo chombo cha waundaji wa mifano midogo ya ndege na meli. Pwani ya Mombasa ina historia inayofaa mifano hiyo. Mwaka 1942 manowari za Uingereza za Kundi la Mashariki zilihamia Kilindini, na ndege za jeshi la majini zikautumia uwanja wa Port Reitz, ambao leo ni Uwanja wa Ndege wa Kimataifa wa Moi. Duara la utambulisho la ndege hizo lenye upana wa mita 1 huwa milimita 14 kwenye mfano wa kipimo cha 1:72. Nyeupe hupulizwa kwanza, bluu ikafuata kupitia stensili, kisha nyekundu ya katikati. Lakini kuanzia 1943, ndege za Uingereza zilizopigana Kusini-Mashariki mwa Asia ziliondolewa nyekundu hiyo, zisidhaniwe za Japani. Muundaji asiyeujua mwaka wa ndege yake atakata stensili isiyohitajika.

Presha ya hewa ya kalamu huwa ndogo, kama psi 15 hadi 20, pungufu ya upepo wa tairi la gari dogo. Ikizidi, au tabaka likiwa zito, rangi huingia chini ya ukingo wa stensili na alama huharibika. Afadhali tabaka tatu nyepesi, kalamu ikielekezwa wima juu ya stensili.

Watunga kamusi na walimu wa vyuo vya ufundi wayape maneno haya nafasi tofauti: kiolezo cha kufuatisha, stensili ya kupitishia rangi, na kalamu ya kupulizia.